Glasi ya wageni na nyanya zangu za Kikwe

Mabomba sita ya dawa ya ukungu nilipiga, sita, kabla sijakubali kwamba naimwaga hela. Robo eka tu, nyanya zimeshafunga matunda, mara mche mmoja mmoja ukaanza kunywea. Muuzaji wa duka la pembejeo hata dalili hakuuliza: "Ukungu huo, piga hii." Kama elfu 80 hivi ikaenda, ukiweka na kibarua. Nyanya zikafa zimepakwa unga kama mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa.

Mzee jirani ndiye aliyenipa akili. Kata shina karibu na udongo, lining'inize ncha yake iguse maji kwenye glasi. Kama ni mnyauko bakteria, dakika chache tu utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka.

Nikachukua glasi ya wageni, nikachota maji, nikakodoa macho. Weupe huo! Nikapiga kelele, "Bakteria! Ng'oeni!" Mistari miwili ilishalala chini mama watoto alipokuja kuchungulia. "Baba, si maji ya mfereji hayo?" Tope lilikuwa linatulia zake taratibu, na mimi nimelikazia macho kama daktari wa hospitali ya Mount Meru.

Safari ya pili nikatumia maji ya kunywa, na glasi ya pembeni nikaweka shina la mche mzima, wa kulinganishia. Chai ikapoa, maji yako vilevile, safi kabisa, hakuna uzi hata mmoja. Nikapasua shina: chini ya ganda, michirizi ya kahawia. Hiyo michirizi peke yake isikudanganye, hata bakteria huiacha. Ila hapo ndipo nikakumbuka majani ya chini yalivyoanza kuwa njano, tena upande mmoja wa mche, mwingine kijani. Wa bakteria hunyauka ghafla ungali kijani.

Mnyauko fusari. Na kinachoniudhi ni kwamba yule muuzaji alipatia, ni ukungu kweli! Ila huu unakaa udongoni na kuingilia mizizini. Kuoshea majani dawa ni kumpaka mafuta mgonjwa wa tumbo. (Bakajani chelewa ndiyo ya majani. Ukiishuku hiyo, lifunge jani kwenye mfuko wa nailoni na kitambaa kibichi, kesho yake tazama utando mweupe chini ya jani.)

Pale sasa nimepanda mahindi. Nyanya nimehamishia ng'ambo ya mfereji, mbegu yenye herufi F kwenye pakiti (si ile F1 ya chotara), maana yake inahimili fusari, na Jumamosi iliyopita nimepeleka matenga tisa soko la Tengeru. Glasi mama watoto amekataa isirudi kabatini.