Kuzuia punje kukua kwenye zirkonia: hatua mbili za joto

Zirkonia (kauri ya oksidi ya zirkoniamu) yenye itria (oksidi ya itriamu) asilimia 8 ya moli, nikiichoma kwa joto moja hadi ibane, hutoa punje (fuwele ndogo zinazounda kauri) za maikromita 2 hata kama unga ulikuwa wa nanomita chache. Matundu ndiyo hushikilia mipaka ya punje. Densiti ikipita asilimia 90 hivi ya ile ya kauri isiyo na tundu yanajifunga, na punje zinaanza kumezana.

Ninachotumia ni hatua mbili, njia ambayo Chen na Wang waliichapisha mwaka 2000 kwa itria. Kidonge cha gramu 1 nakikandamiza kwenye kalibu ya milimita 10, kisha kwa shinikizo la pande zote la megapaskali 200. Gundi inayoshikilia unga naiunguza taratibu, nyuzi 2 kwa dakika hadi 600. Halafu napandisha nyuzi 5 kwa dakika hadi 1250, nakaa dakika 1 tu, nashuka nyuzi 50 kwa dakika hadi 1050 na kuacha saa 20. Kwenye joto hilo atomi bado zinapita mipakani na kujaza matundu, lakini mipaka yenyewe haihami.

Kilele, yaani joto la hatua ya kwanza, ndicho kinachoamua. Kikiwa chini mno, densiti haifiki asilimia 75 hadi 80, matundu yanabaki makubwa na hata saa 40 hazitayaziba. Kwa hiyo kidonge kimoja nakitoa mara baada ya kilele na kukipima densiti peke yake. Hapo matundu bado yako wazi: kichemshe majini saa 2 kabla ya kupima uzito wa ndani ya maji, la sivyo namba itakudanganya. Kilele kikizidi, punje zimeshakua na hakuna cha kuokoa. Kidhibiti cha tanuri yangu kilikuwa kinapitiliza kwa nyuzi 15. Sasa themokapo (kipima joto cha nyaya mbili) ya pili iko kando ya kidonge, nayo ndiyo ninayoiamini.

Tanuri zito lenye matofali mengi haliwezi kushuka kwa kasi hiyo. Tafuta dogo lenye kuta za nyuzinyuzi.

Unga wenye mabonge haukubali tiba hii. Tundu kati ya mabonge mawili ni kubwa kuliko punje zinazolizunguka, na kwenye 1050 halifungi. Saga kwa mipira ya zirkonia ndani ya ethanoli saa 24, chuja, ndipo ukandamize.

Ukitaka kuona punje kwa hadubini ya elektroni, ng'arisha na upashe moto kwa 1000, dakika 30. Ukipita 1050 utakuwa unapima punje ulizozikuza mwenyewe.