Punda wawili, siku tisa

Fomu ya kuomba ruzuku ya utafiti iliuliza aina ya gari, mafuta kiasi gani na kilomita ngapi kwa siku. Mimi niko Langoni, Lamu, Februari 2016, katika kichochoro ambamo watu wawili wakikutana mmoja hana budi kugeuza bega. Nikaandika: punda wawili, siku tisa.

Nilikuwa nasomesha fizikia, na shahada yangu ya pili ya jiofizikia, yaani fizikia ya ardhi, ilikuwa imelala kabatini. Ruzuku niliyoiomba haikufika pauni 1,500, tena ilitoka katika mfuko mmoja wa Uingereza unaowasaidia wanafalaki na wanajiofizikia kwa pamoja. Mshahara hawalipi, kompyuta hawanunui. Wanakulipia kufika kwenye kazi na kurudi na vipimo, basi.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mbwembwe. Niliifungua na setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini pale Ngomeni, karibu na Malindi, ikawa ya kwanza kutengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Nilidhani habari hiyo itawalainisha watu wa nyota. Mwalimu wangu wa chuo kikuu, niliyemwomba aniandikie barua ya kunidhamini, aliikata aya nzima. “Wewe unatafuta nyota au maji?” aliniuliza kwenye simu. Akakata pia ahadi yangu ya kueleza maji yote ya chini ya kisiwa. Akasema pesa ndogo haijibu swali kubwa, na msomaji wa maombi hulijua hilo kabla hajamaliza ukurasa.

Likabaki swali moja. Mji wa Lamu unakunywa maji ya visima vya Shela, yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga. Maji hayo matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yanaelea juu yake humo humo mchangani. Kwa hesabu ya vitabuni, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 nyingine za maji matamu chini ya usawa huo. Uzuri wa hesabu hiyo ndio ubaya wake: pampu ikiyashusha maji nusu mita tu, chumvi hatimaye hupanda kama mita 20. Nilitaka kujua, kwenye mstari mmoja kutoka visimani hadi ufuoni, chumvi iko kina gani.

Bei ya punda ndiyo iliyonisumbua kuliko sayansi. Nilimwendea mzee mmoja mwenye punda, nikamwambia nina mzigo wa takriban kilo 60.

“Punda habebi takriban, mwalimu,” akanijibu. “Nenda kapime.”

Nikarudi na uzito wa kila kitu: betri ya gari, magurudumu ya waya, nyundo, vigingi vinne vya chuma, ile mita ya umeme ya kuazima chuoni. Akavigawa kwa kidole hewani, hiki shogi la kulia, hiki la kushoto. Halafu akaanza masharti yake. Mchanga wa vilimani una bei yake, si bei ya njia. Kazi iishe kabla jua halijawa kali. Na siku za bamvua tusimtaje, kwa kuwa maji yakijaa njia ya ufuoni kwenda Shela humezwa, na yeye hamwogeshi punda na betri mgongoni. Ratiba niliyoituma London, ile iliyosifiwa baadaye kwa “upangaji makini”, ni ya ami huyu. Mimi niliipiga chapa tu.

Jibu lilikuja Mei. Wamekubali, ila mkaguzi mmoja anauliza kama “punda” ni jina la gari la kienyeji. Nikawatumia picha.

Kisha tarehe 23 Juni Waingereza wakapiga kura kujitoa Umoja wa Ulaya, pauni ikaporomoka, na hela zangu zilikuwa hazijaingia benki. Zilipogeuzwa shilingi, siku tisa zikawa saba. Sikuwahi kuwaza kwamba kura ya watu wa mbali ingempunguzia kazi punda wa Lamu.

Siku ya kwanza vilimani nilipata aibu. Kipimo chenyewe ni chepesi kueleza: unapitisha umeme ardhini kwa vigingi viwili, unasoma volti kwenye viwili vya katikati, na kadiri unavyovitanua vile vya nje ndivyo unavyoona chini zaidi. Lakini mchanga mkavu haupitishi umeme. Mita iligoma, namba zikarukaruka. Dawa yake ni kumwagia kila kigingi maji yenye chumvi, nami nikaanza kumwaga, kopo baada ya kopo, huku ami ameketi kivulini akinitazama.

“Kwa hiyo wayamwaga maji,” akasema polepole, “uyatafute maji. Tena wayatia chumvi, uitafute chumvi.”

Sikuwa na jibu la kisayansi lenye heshima. Ila namba zilitulia. Karibu na visima ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme, ulisomeka mamia ya ohm-mita. Siku ya sita, tulipokaribia ufuo, kadiri nilivyotanua waya ndivyo ulivyoanguka, hadi ohm-mita mbili: maji ya chumvi. Nilimwita aje aone. Akaitazama mita, akaitazama bahari, akauliza kama nimemaliza kwa leo.

Fomu ya mwisho ilitaka stakabadhi zote na maelezo ya vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za mfuko: viko wapi sasa, vinatumika kwa kazi gani. Nikajaza kweli tupu. Vigingi vinne vya chuma, viko Langoni, vimefungiwa punda.