Overlayfs: faili linapopanda juu ndipo mambo huharibika

Overlayfs ni mfumo wa faili wa Linux unaopachika tabaka la juu la kuandikwa juu ya tabaka la chini, vikaonekana kama folda moja. Ukiletewa hitilafu yake, usikimbilie `fs/overlayfs`, folda ya msimbo wake kwenye kerneli. Jiulize kwanza: faili linalolalamikiwa lilikuwa limeshapanda tabaka la juu, au bado lilikuwa chini? Tabaka la chini haliandikwi. Faili hunakiliwa juu pale tu mtu anapotaka kulibadilisha, na hapo ndipo pa kushuku kwanza.

Jaribu hivi, ukiwa root (`setcap` hulipa faili uwezo maalumu, `getcap` huuonyesha):

```
mkdir chini juu kazi pamoja
cp /bin/true chini/t
setcap cap_net_raw+ep chini/t
mount -t overlay overlay -o lowerdir=chini,upperdir=juu,workdir=kazi pamoja
touch pamoja/t
getcap juu/t
```

`touch` haigusi data, lakini yatosha kulipandisha faili. `getcap` ikikaa kimya badala ya kuonyesha `cap_net_raw`, fungua `copy_up.c` uangalie mpangilio wa kunakili: data kwanza, xattr (sifa za ziada za faili) baadaye. Ukiugeuza, kule kuandika data kwenyewe kunafuta `security.capability`, xattr inayohifadhi uwezo ule, na kerneli hailalamiki hata kidogo. Tarehe nazo huwekwa mwisho, la sivyo zitavurugwa vilevile.

Nakala haiandaliwi mahali itakapokaa. Hukamilishwa pembeni kisha huingizwa `upperdir` kwa rename kutoka `workdir`, au kwa link penye O_TMPFILE (faili la muda lisilo na jina), ili umeme ukikatika pasionekane faili nusu. Kwa hiyo `workdir` na `upperdir` lazima ziwe kwenye mfumo mmoja wa faili.

Angalia pia toleo la kerneli. Kabla ya 4.19, aliyefungua faili kwa kusoma tu aliendelea kuona data ya zamani hata baada ya faili kupanda. Kwa `read` hilo lilitengenezwa. Kwa `mmap` yenye MAP_SHARED (faili kuwekwa kwenye kumbukumbu kwa kushirikiwa) bado lipo, na limeandikwa kwenye nyaraka za kerneli, basi usipoteze siku ukilisaka.

Hitilafu ninayoiogopa zaidi ni ya vibali. Kazi kwenye matabaka hufanywa kwa vibali vya aliyepachika mfumo, na kila njia ya kutokea, hasa ile ya kosa, lazima irudishe vibali vya awali. `goto` moja ikiruka hatua hiyo, mchakato wa mtumiaji wa kawaida unaendelea na nguvu zisizo zake.

Ukishatengeneza, endesha fstests, majaribio ya mifumo ya faili, kwa `./check -overlay -g quick` juu ya kerneli yenye `CONFIG_PROVE_LOCKING` inayokagua mpangilio wa kufuli, maana operesheni moja hushika kufuli za zaidi ya mfumo mmoja wa faili. Kwenye kiraka (patch) weka mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za mwanzo za hashi ya badiliko lililoleta hitilafu.