Siku moja maishani mwangu: papa potwe chumbani kwa mtoto

Saa 12:00 asubuhi
Kabla ya kitu kingine napanga ndoo za rangi. Nyeupe, buluu hafifu, buluu nzito, kijivu, na kopo dogo la nyeusi ambalo nitalitumia kwa matone tu. Brashi pana mbili, brashi nyembamba za kuchorea, rola, chaki, uzi, tepu ya karatasi, vipande vya sponji. Leo ni siku ya mchoro, na siku ya mchoro ukisahau kitu kimoja unapoteza nusu ya asubuhi barabarani.

Kazi iko Tabata, chumba cha mvulana wa miaka mitano. Mama yake ni mzaliwa wa kisiwa cha Mafia, na babu mzaa mama bado anavua hukohuko, Kilindoni. Likizo ya Desemba mtoto alipelekwa kule, akapandishwa kwenye boti, akamwona papa potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari za magari wala katuni. Mama alikuwa amekwisha kuchagua stika za kasri za chini ya maji. Nilimwomba tuziache. Mtoto aliyeiona bahari ya kwao kwa macho yake anastahili kuikuta hiyohiyo ukutani.

Saa 1:15
Gari la shule halijafika, kwa hiyo nampata mtoto mwenyewe mlangoni.

"Shikamoo, anti fundi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Potwe umekuja naye?"

Namwambia potwe anakuja polepole, akirudi shule atamkuta. Ananiuliza kama mdomo atauweka wazi. Atauweka wazi.

Skimu ya kulainisha ukuta, msasa na praima, yaani rangi ya msingi, tulimaliza wiki iliyopita, na rangi tuliyopaka mara mbili juu yake imekauka vizuri. Juu ni nyeupe inayoelekea maziwa, chini ni buluu hafifu. Wazazi wengi wakisikia "bahari" wanaomba buluu nzito kuta zote nne. Chumba chenye dirisha moja, hapa Dar, buluu nzito pande zote hukifanya kiwe giza mchana kweupe. Mimi huacha kuta ziwe tulivu na kuipa picha moja kubwa nguvu yote.

Rangi ni ya maji, ya silki, yaani yenye mng'ao kidogo, inayofutika kwa kitambaa chenye unyevu. Na dukani nasoma kopo kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Muuzaji asiponionyesha maelezo ya rangi yake, naenda duka la pili. Mtoto hugusa ukuta, kisha hutia vidole mdomoni. Hilo hakuna mzazi anayeweza kulizuia.

Saa 2:00
Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kuta mbili zisizo na mlango wala dirisha zinakutana konani, kila moja mita 3.5. Nikiziunganisha nina mita 7. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na aliyekomaa anaweza kupita mita 12, lakini wengi wanaoonekana Mafia hawajafika huko. Potwe wa mita 6 ni wa kweli kabisa, na anaingia humu. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilikaa chini kwa furaha. Mtoto huyu atalala chumba kimoja na samaki wa ukubwa halisi.

Mchoro wangu wa karatasi una urefu wa sentimeta 60, umegawanywa kwa miraba ya sentimeta 5. Ukutani kila mraba unakuwa sentimeta 50. Kijana wangu wa kazi anashika uzi uliopakwa chaki upande mmoja, mimi upande wa pili, tunauvuta na kuuachia, mstari unabaki. Tukimaliza miraba, nachora umbo mraba kwa mraba. Kona nimeipanga iangukie kiwiliwilini, nyuma ya pezi la kifuani na mbele ya pezi la mgongoni. Ikiangukia kichwani, sura huvunjika.

Urefu kutoka sakafuni ndio ninaoujali kuliko yote. Mtoto wa miaka mitano huwa na kimo cha kama sentimeta 110. Picha nyingi za vyumba vya watoto zimewekwa mahali pa macho ya mgeni mtu mzima anayesimama mlangoni na kusifia. Mimi jicho la potwe naliweka mita moja kutoka sakafuni, ili wawili hawa watazamane.

Kabla sijaanza kichwa nampigia babu simu ya video. Mzee anaeleza bila haraka: mdomo wa potwe uko mbele kabisa, haukukaa chini kama wa papa wengine, macho ni madogo, yako pembeni, karibu na ncha za mdomo, mgongoni kuna matuta marefu yanayoelekea mkiani. "Na usimwekee meno ya kutisha, mwanangu. Yule anakula vidudu vya majini na visamaki tu." Meno anayo, ila ni madogo mno hata hayaonekani. Hilo linatusaidia, maana taa ikizimwa mtoto asiogope mlinzi wake.

Saa 4:20
Chai na chapati. Kijana anaosha brashi.

Saa 4:40 hadi saa 7
Kijivu chenye buluu mgongoni, tumbo jeupe, na kati yake rangi mbili zinafifishwa kwa sponji zikiwa bado mbichi. Ni lazima kwenda haraka, mmoja anapaka, mwingine anafifisha. Rangi ya maji ikishaanza kukamata, ukiigusa inaacha alama. Feni tumeizima kwa ajili hiyo, joto tumelivumilia.

Saa 8:00 mchana
Amerudi. Anasimama mlangoni na begi mgongoni, haongei. Kisha anakimbia hadi mkiani na kurudi kichwani, mara kadhaa, akimpima kwa mbio.

Madoa nimemwachia yeye. Kila potwe ana mpangilio wake wa madoa, na watafiti humtambua mmoja na mwingine kwa picha za ubavuni, nyuma ya matamvua. Basi huyu wa Tabata atakuwa na madoa ambayo hakuna potwe mwingine anayo. Tunamvisha fulana kuukuu ya baba yake, namkatia sponji ya duara, anachovya, anagonga. Anapofika mkono, anagonga. Asipofika, ananielekeza: "Hapo, anti. Hapana, juu." Mama anaingia, anataka kuyanyoosha yaliyopinda. Namwomba, dada, yaache.

Saa 10:00
Kitanda kinarudi, ukuta wa mlango, mbali na dirisha, kwa sababu umri huu hupanda chochote. Neti ni nyeupe, ya pembe nne. Mama alipenda tuishonee samaki wa vitambaa, lakini kila tundu la sindano hudhoofisha neti, na malaria haichezewi. Samaki wa vitambaa tumewashonea kwenye pazia, pazia fupi lisilo na kamba ya kuning'inia.

Saa 11:30 jioni
Sakafu imefutwa, tepu imebanduliwa. Leo mtoto analala chumbani kwa mama yake, madirisha yabaki wazi hadi harufu iishe. Ukuta usifutwe kwa maji kwa wiki mbili. Kesho seremala wa Keko analeta kabati la nguo, nami nitakuwepo kuhakikisha limefungwa ukutani kwa skrubu juu, pande zote mbili, kabla hajalipwa. Baada ya hapo yamebaki mawimbi mawili chini ya mkia, na kasa ambaye mtoto amemkumbuka leo jioni. Bei ya kasa huyo nimekubaliana na mtoto: atakuwa akinipa chaki.