Bomba la nyuzi 45

Mtihani ulifanyika Aprili 2025 katika karakana moja kando ya Obote Road, Kisumu, mvua ya masika ikiwa imechachamaa. Kampuni ya mabomba kutoka nchi za Ghuba ilikuwa inatafuta mafundi wa kuchomelea, na ilimtuma mkaguzi wake awapime hapa nyumbani kabla ya mtu yeyote kuzungumzia tiketi. Nilikuwepo kama mwalimu wa watahiniwa wawili: binti wa Luanda, kule Vihiga, aliyejifunzia kazi kwenye boila za viwanda vya sukari, na kijana wa Ahero aliyekulia kwenye mageti na madirisha. Mkaguzi alikubali nikae ndani kwa sharti moja, nisiguse kitu wala nisiseme neno mtahiniwa akiwa kazini.

Bomba lilikuwa la chuma cha kaboni, inchi 6, skedyuli 80: kipenyo cha nje milimita 168.3, unene wa ukuta karibu 11. Vipande viwili vinashikanishwa, kisha vinafungwa kwenye stendi vikiwa vimeinama nyuzi 45, na tangu hapo bomba halizungushwi tena. Fundi ndiye anayelizunguka. Juu anachomelea akiwa amesimama, ubavuni amechuchumaa, na chini amepiga goti huku chuma kilichoyeyuka kikitaka kumdondokea. Mkao huu ni 6G. Chini ya kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, anayeufaulu kwa bomba la kipenyo hiki anakubalika kwa mikao mingine yote. Waajiri wa Ulaya hutumia ISO 9606-1, kiwango cha kimataifa cha kuwapima wachomeleaji, na huko mkao uleule huandikwa H-L045.

Wengi hudhani mtihani huanza moto unapowaka. Naamini nusu yake huwa imeshaamuliwa kabla ya hapo, fundi akiwa bado na faili na grainda mkononi. Midomo ya bomba ilikuwa imekatwa mshazari wa nyuzi 37.5. Kazi ya mtahiniwa ni kuusugua ukingo ndani na nje hadi ung'ae, upana wa milimita 25, kisha kuikwangua ile ncha kali iwe na uso bapa wa milimita 1.5 hivi. Uso huo ukiwa mwembamba mno, moto unautoboa. Ukiwa mnene mno hauyeyuki hadi ndani, na unabaki mstari mweusi ambao mkaguzi anauona kwa tochi tu, hata kabla ya kukata chochote.

Nafasi kati ya vipande ilitakiwa iwe milimita 3.2. Binti alichukua rodi ya 3.2, akaigonga hadi ganda likapukutika lote, akaukunja waya uliobaki kama herufi V na kuulaza katikati ya ile midomo miwili. Hapo alikuwa na kipimo ambacho hakihitaji kusomwa. Akapiga taki ya kwanza juu, yaani mshono mfupi wa kushikiza tu, urefu wa milimita 20, akasubiri ipoe. Taki ikipoa hukivuta chuma upande wake na nafasi ya upande wa pili hubadilika, kwa hiyo alipima upya kila baada ya taki moja, na akazipiga kwa kukabiliana: juu, chini, kushoto, kulia. Kisha akazikwangua ncha za kila taki ziwe nyembamba ili mshono ukifika pale uingie bila kukwama. Mwisho akapitisha geji kuona kama kuta mbili zimelingana ndani. Zikipishana zaidi ya milimita 1.5, ukingo mmoja huweza kubaki mzima bila kuyeyuka, na juu yake fundi anajenga mshono mzuri usioshika.

Kijana wa Ahero alikuwa na haraka. Alifunga klampu, akapiga taki zote nne mfululizo, akapandisha bomba kwenye stendi. Kutoka nilipokuwa nimeketi niliona upande wa chini umepishana. Sharti la mkaguzi lilinifunga mdomo, na iliniuma.

Mshono wa kwanza ni wa tigi, yaani kuchomelea kwa sindano ya tungsteni huku gesi ya argoni ikikinga chuma, mkondo wa DC, tochi ya kuchomelea kwenye hasi. Sindano ya tungsteni ni ya milimita 2.4, imenolewa kwa urefu wake ili mikwaruzo ielekee nchani. Ukiinoa kwa kuizungusha, moto unatangatanga. Waya wa kujazia ni 2.4 pia. Binti aliweka ampi 95 na argoni lita 10 kwa dakika. Mlangoni tulikuwa tumetundika turubai tangu asubuhi, kwa sababu upepo wa ziwa ukiipeperusha argoni, hewa inaingia kwenye chuma na mshono unajaa vishimo. Wapo wanaodhani dawa ya upepo ni kufungulia gesi hadi lita 20. Haisaidii: gesi ikitoka kwa kasi hiyo huvurugika yenyewe na kuivuta hewa ndani. Zuia upepo, acha gesi ilivyo.

Alianzia chini kabisa. Pale uzito wa chuma unauvuta mshono nje, na ndani ya bomba linabaki bonde. Fundi anayejua huusukuma waya upenye kidogo ndani ya bomba, badala ya kuulaza juu ya nafasi. Mbele ya dimbwi la chuma kunatakiwa kuwe na kitundu kidogo kama cha ufunguo. Kikiwepo, kingo zote mbili zinayeyuka. Kikipotea, fundi anajaza juujuu tu. Nilikuwa nikikitazama kile kitundu kupitia kioo changu cheusi kikipanda naye ubavu wa kulia, polepole, hakibadiliki ukubwa.

Alipofika katikati ya ubavu, stima ikapotea.

Kwa kawaida tigi haizimwi ghafla. Fundi hupunguza ampi taratibu, au huutoa moto kwenye mshazari wa ukuta, na kuiacha argoni itiririke sekunde kadhaa hadi chuma kipoe chini ya ulinzi wake. Stima ikikatika, valvu ya gesi nayo hufunga. Dimbwi linaganda kutoka kando kwenda katikati na kuacha kishimo, mara nyingi chenye ufa. Sindano iliyokuwa nyekundu inaguswa na hewa na kuharibika rangi. Ukiwasha tena hapohapo na kuendelea, ule ufa unaufunika ukiwa hai, na vipande vya mshono vikikunjwa kupimwa utafunguka.

Binti hakuwasha. Aliinua ngao ya uso, akainua mkono, akamwambia mkaguzi: "Mheshimiwa, naomba ruhusa ya kukwangua." Mkaguzi akapiga tochi, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaitikia kwa kichwa. Jenereta iliponguruma, binti alifanya mambo kwa mpangilio ninaoutaka kwa kila mwanafunzi wangu. Alibadilisha sindano. Akakwangua kishimo chote na kurudi nyuma kama milimita 15 kwenye mshono mzima, hadi mwisho wake ukawa mwembamba kama ncha za zile taki. Akajaribu moto kwenye kipande cha chakavu kwanza, kwa sababu stima ya jenereta haitulii kama ya laini na ampi zilezile zinaweza kuchoma tofauti. Kisha akawasha moto juu ya mshono mzuri, nyuma kidogo ya pale alipokwangua, akausogeza mbele hadi kwenye ule wembamba, akangoja kitundu kifunguke. Kilipofunguka ndipo akaingiza waya.

Baada ya hapo alipitisha mshono wa pili kwa tigi vilevile, kuuongezea unene ule wa kwanza usije ukatobolewa na rodi. Kujaza kulifanywa kwa rodi za aina ya 7018, za 2.5 kwanza halafu za 3.2. Masika ya Kisumu ni adui wa rodi hizi. Ganda lake hunyonya unyevu, unyevu hutoa haidrojeni, na haidrojeni hupasua chuma saa kadhaa baada ya fundi kwenda nyumbani. Zikishalowa unyevu zinaokwa tena kati ya nyuzi joto 260 na 430 za Selsiasi kwa saa 2, kisha zinakaa kwenye kopo la moto la nyuzi 120, na fundi anatoa moja baada ya nyingine. Anayebeba rodi mfukoni amejipunguzia alama mwenyewe. Mshono wa juu alioumaliza nao ulikuwa wa mistari myembamba iliyopangwa kuanzia upande wa chini, kila mmoja ukikalia nusu ya uliotangulia, na kimo chake hakikuzidi milimita 3.

Bomba huachwa lipoe lenyewe, halimwagiwi maji. Tulipokuwa tukingoja na chai, kijana wa Ahero aliniuliza jambo lililokuwa likimkereketa.

"Mwalimu, kuna ajenti anataka shilingi 350,000 anipe ile viza ya Australia ya likizo na kazi. Si ni rahisi kuliko hii ya kukunja vyuma?"

Nilimjibu bila kuficha hasira yangu kwa huyo ajenti. Viza hiyo ipo kweli, kwa namba 417 na 462, na vijana wa mataifa yaliyo kwenye orodha huitumia kufanya kazi huku wakitembea, kwa kawaida miezi 6 tu kwa mwajiri mmoja. Paspoti ya Kenya haimo kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili. Anayekuuzia anauza hewa. Fundi wa Kenya anayeitaka Australia hupita njia ya ustadi: ujuzi wake unapimwa kwanza na Trades Recognition Australia, taasisi ya serikali ya huko. Njia inayokaribia ile ya kwenda ukitafuta kazi ni kadi ya fursa ya Ujerumani, Chancenkarte, iliyoanza Juni 2024. Inatoa hadi mwaka 1 wa kutafuta, na ruhusa ya kufanya kazi saa 20 kwa wiki, lakini uwe umesomea fani angalau miaka 2 kwa cheti kinachotambuliwa na serikali yako, uwe na Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, au Kiingereza cha ngazi ya B2, ya juu ya wastani, na pesa za kujikimu zionekane. Na ajenti yeyote wa hapa aangaliwe kwanza kwenye orodha ya National Employment Authority, mamlaka ya ajira ya serikali ya Kenya, kabla hajapewa hata nauli ya boda.

"Kwa hiyo bado nitakunja vyuma," akasema.

"Popote utakapokwenda, kijana wangu."

Mchana vipande vinne vilikatwa kutoka kila bomba, vikalainishwa pande zote, vikakunjwa kwa jeki hadi vikawa kama herufi U, mshono ukiwa katikati ya mkunjo. Nyufa au matundu yaliyofunguka hayaruhusiwi kuzidi milimita 3. Vya binti vilitoka laini. Kile kilichokatwa karibu na mahali stima ilipopotea nilikiomba, nikakipitisha ukucha mara mbili, sikuhisi kitu.

Kipande kimoja cha kijana kilifunguka kwenye ukingo wa ndani, upande uleule wa chini: mstari ulionyooka, zaidi ya milimita 5. Mstari ulionyooka hivyo ni ukingo wa bomba ambao haukuyeyuka kamwe, kuta zilipopishana. Mkono wake ulikuwa mzuri. Vipande vingine vitatu vilishuhudia hivyo. Mkaguzi alimweleza kanuni: anaweza kurudia papo hapo kwa kuchomelea mabomba mawili badala ya moja, au aende akafanye mazoezi na kupimwa upya. Alinitazama, nikamshauri aende. Kwa wiki zilizofuata sikumruhusu kuwasha moto. Alikata, akakwangua, akapiga taki, akapima, akavunja, akaanza tena.

Binti alipewa cheti chake, lakini safari ilichelewa. Cheti cha namna hii hakikai sandukuni: fundi akipitisha miezi 6 bila kutumia aina ile ya uchomeleaji, nguvu yake inakwisha. Yeye alikuwa na aina mbili, tigi na rodi, na kila moja inahesabiwa peke yake. Nikamtafutia nafasi kwenye matengenezo ya boila, nikampa daftari lenye safu za tarehe, namba ya kazi, aina ya uchomeleaji, unene wa bomba, na sahihi ya msimamizi. Mstari wa kwanza aliujaza Mei, kwa tigi. Wa rodi ulikuja wiki iliyofuata.