Ujira Unaopiga Kelele

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sikuwa na amani. Jumatatu usiku, naandaa somo la jumuiya, dada anayetusaidia kazi za nyumbani alikuja akasimama mlangoni, anasokota pindo la kanga. "Baba, mama kapiga simu. Mdogo wangu karudishwa nyumbani, ada." Nilikuwa sijamlipa mshahara wa miezi mitatu. Nikamjibu bila kuinua macho: "Vumilia, dada. Mungu anaona." Nikaendelea kuandika.

Somo lenyewe lilihusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini wakigombania utumwa. Wengi tunaanzia mizinga ya ngome ya Fort Sumter, Aprili 1861. Lakini kabla taifa halijapasuka, kanisa lilikuwa limeshapasuka. Mwaka 1844 Wamethodisti walikutana New York, na mjadala mkali ulimhusu askofu wao, James Andrew wa Georgia. Askofu alikuwa na watumwa: mmoja, binti aitwaye Kitty, aliachiwa kwa wosia; wengine walikuja na ndoa. Mkutano ukamtaka akae kando mpaka hali hiyo iondoke. Wamethodisti wa majimbo ya Kusini, yaliyoshika utumwa, wakagoma, na 1845 wakaunda kanisa lao. Mwaka huohuo Wabaptisti wa Kusini nao wakakutana Augusta wakajitenga, ugomvi ukiwa kama mwenye watumwa anafaa kutumwa kuhubiri Injili. Hebu fikiri!

Ya siasa mnayajua: sheria ya 1850 ya kuwarudisha waliotoroka, damu iliyomwagika Kansas kwa ajili ya utumwa, hukumu ya mahakama ya mwaka 1857 iliyomnyima uhuru mtumwa Dred Scott. Kufikia 1860 watumwa walikaribia milioni 4, na pamba waliyoilima ndiyo iliyojaza mifuko, sadaka zikiwemo. Wahubiri wa Kusini hawakukosa maandiko. Walisoma Waefeso 6:5, watumwa watiini mabwana zenu. Walisoma Filemoni, kwamba Paulo alimrudisha Onesimo kwa bwana wake. Aya ya 16 waliipita mbio: "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa." Rais Lincoln mwenyewe alikiri mwaka 1865 kwamba pande zote mbili zilisoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja.

Hapo kalamu ikanigomea. "Vumilia, Mungu anaona." Na mimi nilikuwa nimeokota neno la Mungu nikafunikia deni langu.

Nikafungua Yakobo 5:4. Ujira mliouzuia kwa hila "unapiga kelele". Wapendwa, ujira wenyewe ndio unaopiga kelele, hata kama mwenyewe amenyamaza jikoni anaosha vyombo vyetu! Tusemezane ukweli. Ahadi ya ujenzi wa kanisa tumemaliza, jina limesomwa madhabahuni, makofi yamepigwa. Mama wa genge je? Fundi aliyetupigia lipu tangu mwaka jana, ambaye tukimwona njiani tunashika simu sikioni? Tunafunga na kuomba siku tatu Mungu afungue milango, na mlango wa fundi tumeufunga sisi. Mzee wa kanisa, mwanakwaya, mwalimu wa Sunday school, nawe unayesoma hii ukiwa kitandani: kalipe. Usimpe maombi mtu anayekudai hela.

Jumamosi nilikopa kwa shemeji nikamlipa dada yote. Mwanzoni alipoanza kazi kwetu alikuwa akipokea mshahara na kuufunga kwenye pindo la kanga bila kuangalia. Safari hii alihesabu noti mara mbili, mbele yangu.