Miguu miwili ya Aaron Hickey, kutoka Hearts hadi Brentford

Mei 25, 2019, Hearts, klabu ya Edinburgh, waliingia Hampden Park kucheza fainali ya Kombe la Uskoti dhidi ya Celtic ya Glasgow, na namba tatu wao, yaani beki wa kushoto, alikuwa na miaka 16. Aaron Hickey ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuichezea timu ya wakubwa mwezi huohuo. Hearts walitangulia kwa bao la Ryan Edwards, Celtic wakageuza kwa mabao mawili ya Odsonne Édouard, moja la penalti, ikaisha 2-1. Kombe lilikwenda Glasgow, lakini kocha Craig Levein alikuwa amepata beki.

Hickey alizaliwa Glasgow Juni 2002. Alilelewa kwenye akademi ya Hearts, akahamia ya Celtic, kisha akarudi Edinburgh mwaka 2018. Wengine wangeona kuondoka Celtic ni kurudi nyuma. Mimi naona ndiyo hatua iliyomtoa. Celtic namba tatu ilikuwa ya Kieran Tierney, na kijana wa miaka 16 hakui kwa kumtazama mwenzake akicheza.

Sasa tuje kwenye kitu kilichomtofautisha: anatumia miguu yote miwili, na anaitumia mechi inapokuwa ngumu, siyo mazoezini tu.

Namba tatu wengi wenye mguu wa kulia hukwama mahali pamoja. Beki wa kati anampa pasi akiwa karibu na mstari wa pembeni, naye anautuliza mpira kwa mguu wa kulia, ule wa upande wa ndani. Papo hapo mwili unageukia katikati ya uwanja. Winga anayemkaba analijua hilo, kwa hiyo hamfuati moja kwa moja. Anakuja kwa mkunjo akitokea ndani, anaziba njia ya kumfikia kiungo, na mstari wenyewe unakuwa mkabaji wa pili. Kinachobaki ni kumrudishia kipa au kubutua.

Hickey hupokea kwa mguu wa nje, mwili ukiwa umefunguka kuelekea goli la wapinzani. Akizibiwa ndani, mguso wa kwanza unakwenda mbele sambamba na mstari. Akizibiwa nje, anauvuta mpira kwenye mguu wa kulia na kumpa kiungo. Winga akisita hata kidogo, beki ameshapita. Hatari ipo, na lazima isemwe. Pasi ya kuingia ndani ikikatwa, beki wa kati wa upande huo anakuwa amepanuka ili kujenga mashambulizi, na katikati pana uwazi mkubwa. Ndiyo maana makocha wengi huwaambia mabeki vijana wapige mbele tu, wasijaribu ndani. Ni ushauri salama, lakini unazalisha mabeki wa aina moja.

Septemba 22, 2019, Easter Road, uwanja wa Hibs, dabi ya Edinburgh, matunda yalionekana. Hibs walitangulia, Hearts wakasawazisha, na mwishoni Hickey akapiga shuti kutoka nje ya boksi, mpira ukamgusa beki, ukabadili njia na kuingia. Hearts 2, Hibs 1. Miaka 17.

Msimu huo ukaisha vibaya bila kuchezwa wote. Korona ilisimamisha ligi Hearts wakiwa mkiani, pointi nne nyuma ya Hamilton na mechi nane zikiwa zimebaki. Ligi ikaamua kwa wastani wa pointi kwa kila mechi, Hearts wakashushwa daraja. Klabu ilipinga hadi kwenye usuluhishi, ikashindwa. Kwangu haikuwa haki, ila ndiyo iliyofungua mlango wa kuuzwa.

Bayern Munich walihusishwa naye sana. Septemba 2020 akasaini Bologna ya Italia, kwa ada iliyoripotiwa kuwa karibu pauni milioni 1.5. Hesabu ya uamuzi huo ni rahisi kuielewa. Ukienda klabu kubwa ukiwa na miaka 18, uwezekano mkubwa ni kuishia timu ya pili. Bologna kulikuwa na kocha Siniša Mihajlović, aliyekuwa tayari kumpanga kijana Serie A, ligi kuu ya Italia.

Msimu wa kwanza hata hivyo ulikwenda vibaya. Bega liliumia hadi likafanyiwa upasuaji, na mechi zikawa chache. Anayehukumu usajili kwa mwaka mmoja angesema umefeli.

Mabadiliko yalikuja Oktoba 2021. Mihajlović aliacha mabeki wanne akaingia na watatu, na Hickey akapandishwa pembeni kushoto akiwa na ubavu mzima wa kuumiliki. Oktoba 3 Bologna waliifunga Lazio 3-0 na yeye akafunga la tatu. Mfumo huo ulimfaa kwa sababu mbili. Nyuma yake palikuwa na beki wa kati wa kufunika, kwa hiyo ile pasi ya ndani iliyokatwa haikuwa tena msiba. Na mashambulizi yalipojengwa kulia, kazi yake ilikuwa kufika nguzo ya mbali, ambako mpira humkuta mtu kwa mguu wowote. Alimaliza msimu na mechi 36 za ligi na mabao matano. Kwa beki wa miaka 19 Italia, hiyo ni kazi kubwa.

Timu ya taifa nayo ilimhitaji kwa sababu ya mguu wa kulia. Kushoto Uskoti ilikuwa na Andy Robertson na Tierney, kiasi kwamba kocha Steve Clarke alimsogeza Tierney kwenye mabeki watatu ili wote wawili wapate nafasi. Kulia ndiko kulikopungua watu. Machi 2022 Hickey akaichezea Uskoti kwa mara ya kwanza, dhidi ya Poland, na baadaye upande wa kulia ukawa wake.

Julai 2022 Brentford ya England wakamsajili, wakampa jezi namba mbili, ya beki wa kulia. Bologna alikuwa akivaa namba tatu. Oktoba 2023 aliumia msuli wa nyuma ya paja, akapata kikwazo akiwa anapona, na akakaa nje zaidi ya mwaka. Msuli huo ndio unaobeba breki na mbio za ghafla, na beki wa pembeni anazirudia mechi nzima, kwa hiyo kovu lake halina mapumziko. Kwenye Euro 2024 yeye na Nathan Patterson wote walikosekana, ikabidi Anthony Ralston acheze kulia.

Njia yake ya Italia bado ipo kwa waliofika miaka 18. Mskoti mwenzake Lewis Ferguson alitoka Aberdeen akaenda hukohuko Bologna mwaka 2022, na Mei 2025 akiwa nahodha akanyanyua Coppa Italia. Kwa wa miaka 16 na 17 imefungwa tangu mwanzo wa 2021, Uingereza ilipokamilisha kujitoa Umoja wa Ulaya. Kanuni za FIFA kwa kawaida zinawaruhusu kuvuka ndani ya Uingereza tu, mfano kwenda England, kama Ben Doak alivyotoka Celtic kwenda Liverpool mwaka 2022 akiwa na miaka 16. Na huko England, wengi huanzia timu za vijana.